Tunataka filamu ya Dar ambayo hakuna anayekufa

UE ndo hizo zinabisha hodi, notisi hazijaguswa, na mimi badala ya kukaa na vitabu nimekaa naandika habari za filamu. Mnivumilie. Kuna jambo limenikaa kooni wiki mbili sasa na nisipolitoa sitasoma.

Swali langu ni hili. Ni lini mara ya mwisho umeangalia filamu ya kwetu ya vijana wa Dar, wanapendana, halafu mpaka inaisha hakuna aliyekufa, aliyelogwa, aliyewekewa sumu kwenye juisi, aliyepewa mimba akatelekezwa, wala aliyegongwa na gari wakati anavuka barabara kwenda kuomba msamaha? Fikiria taratibu, sina haraka. Mimi nimewauliza washkaji wa hosteli, tumehesabu kwa vidole, na mkono mmoja haukujaa. Hata hivyo viwili vitatu tulivyopata tulibishana kama vinahesabika.

Kilichonichokoza ni filamu ya Kirusi. Ndiyo, ya Kirusi, msicheke. Mwenzangu wa chumbani ana baba yake mdogo aliyesoma Moscow enzi hizo, Chuo cha Patrice Lumumba, kile kilichoanzishwa 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mzee akikaa kwenye kahawa hasimulii habari za Lenin wala za baridi. Anasimulia filamu moja tu, Ya shagayu po Moskve, ambayo kwa Kiswahili chetu ni kama kusema "Natembea zangu Moscow". Tukaitafuta. Mosfilm wenyewe wameweka filamu zao nyingi za zamani YouTube na maandishi ya Kiingereza chini. Hii haifiki hata saa moja na nusu, kwa hiyo bando halikulia sana.

Imetoka mwaka 1964, rangi nyeusi na nyeupe. Mwongozaji ni Georgiy Daneliya, mwandishi Gennady Shpalikov, mpiga picha Vadim Yusov. Stori yenyewe naweza kukumalizia hapa ukiwa umesimama kituoni. Kijana anaitwa Volodya, fundi kutoka Siberia, anaandika hadithi na moja imeshachapwa kwenye jarida la vijana. Anapita Moscow siku moja. Kwenye treni ya chini ya ardhi anakutana na Kolya, kijana wa mjini anayetoka zamu ya usiku, kazi yake kujenga hizo hizo njia za chini ya ardhi. Kolya ana rafiki anaitwa Sasha, anaoa siku hiyo hiyo na hapo hapo jeshi linamwita, na anahitaji suti. Wanaenda kununua suti kwenye duka kubwa la GUM. Hapo GUM kuna binti anauza santuri, Alyona. Kolya anampenda Alyona. Mgeni naye anaanza kumpenda. Wanatembea, wanazunguka bustanini, mvua inanyesha, wanaenda harusini, usiku unaingia. Basi. Imeisha.

Mtasema: kwa hiyo ni nini kimetokea? Hakuna. Na hilo swali hata wakubwa wa sinema wa Kisovieti waliuliza. Daneliya alikuja kusimulia baadaye kwamba walimbana aeleze filamu inahusu nini. Ndo akaongeza kipande kimoja ambacho fundi wa kusugua sakafu, ameigiza Vladimir Basov, anakutwa kwenye nyumba ya mwandishi maarufu na kuanza kumfundisha Volodya fasihi inatakiwa iweje, kwa maneno mazito kabisa, huku anasugua. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kila mmoja wetu ana mhadhiri anayemfahamu.

Sasa mimi nasema hivi, na hapa ndo ninapotaka mnisikilize: filamu kama hii siyo mchezo wa watu walioshiba. Ni jambo tulilonyimwa, na kunyimwa huko kumetuumiza.

Angalia jinsi filamu zetu zilivyomchukulia kijana anayeingia Dar. Watu wengi hawajui kwamba Mzee Rashidi Kawawa, Simba wa Vita, kabla hajawa Waziri Mkuu alikuwa nyota wa filamu za Kiswahili. Miaka ya 1950, akiwa kijana, aliigiza ikiwemo ile ya Muhogo Mchungu. Yaani tulikuwa na kijana wa Kitanganyika kwenye kioo kabla hata ya uhuru. Halafu Kampuni ya Filamu Tanzania ikaanzishwa 1968, na filamu yake inayokumbukwa sana ya miaka ya 1970 ni Fimbo ya Mnyonge: kijana anaacha kijiji, anakuja mjini, mji unamkaanga, anarudi kijijini kwenye ujamaa na huko ndo anapata utu. Sipingi ujamaa hapa, hiyo ni mada ya siku nyingine. Ninachosema ni kwamba ujumbe kwa kijana ulikuwa mmoja: Dar siyo kwako, rudi ulikotoka.

Ikaja zama ya kanda na baadaye diski, Bongo Movie. Na sitaki mtu aniletee dharau, wale watu walifanya kazi kubwa bila hela. Marehemu Kanumba aliwafanya mama zetu wazime tamthilia za Kifilipino. Marehemu George Tyson mwaka 2003 alitoa Girlfriend, yumo TID, vijana na muziki wa kizazi kipya, na hiyo ni moja kati ya zile tulizobishania kwenye vidole. Lakini kwa jumla ujumbe ulibaki ule ule, umebadilishiwa nguo tu. Mji ni mtego. Mapenzi ni mtego. Msichana anayependa kutoka ni malaya, mvulana maskini anayependa ni wa kuonewa huruma, na mtoto wa tajiri ana roho mbaya. Mwishoni lazima mtu alipe. Wote tumekulia kwenye somo hilo, tukakaa nalo kwenye kibanda umiza kwa shilingi mia mia zetu.

Mapenzi mepesi tukaenda kuazima India. Babu na bibi zetu walijaza Empire na Avalon na Empress na ile Drive-in ya Msasani kuangalia Wahindi. Awaara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilipendwa Zanzibar na Dar kupita kiasi. Na hapa kuna kitu kitamu: filamu hiyo hiyo iliwachanganya na Wasovieti, ilipofika kwao 1954 watu wakapanga foleni. Moscow na Dar walikuwa wanalia na kucheka na mtu mmoja. Ila miaka kumi baadaye Moscow wakawa na ya kwao, ina barabara zao na mvua yao. Sisi bado tunaazima. Jana Wahindi, leo Wakorea.

Sasa nije kwenye kilichonikaa kooni hasa.

Mwishoni mwa ile filamu, Alyona moyo wake unaelekea kwa mgeni, siyo kwa Kolya. Kolya ndiye wa mjini, ndiye mchekeshaji, ndiye aliyemjua kwanza, na ndiye aliyemleta huyo mgeni. Kwa hesabu zetu hapa chuo, huyo ana haki ya kuchukia mpaka kuzikwa. Anaona kabisa kwamba hapa nimeachwa. Anafanyaje? Anaagana na rafiki yake vizuri. Halafu anashuka peke yake kwenye kituo cha treni usiku, yuko kwenye ngazi za umeme, na anaimba. Mama wa zamu anamsimamisha, kijana unafanya nini hapa, halafu anamwacha aendelee kuimba. Aliyeigiza ni Nikita Mikhalkov, wakati huo ana miaka kama kumi na minane, baadaye akaja kuwa mwongozaji mkubwa na filamu yake ikapata Oscar mwaka 1995.

Jamani, mimi sijawahi kuona kijana wa Kiswahili kwenye kioo anakataliwa na anatoka hapo akiwa bado mtu. Wa kwetu akikataliwa anaenda kwa mganga. Au anakunywa kitu. Au anamsubiri msichana kwenye kichochoro. Na hapa sichekeshi. Tunasoma magazeti. Tunajua habari za "wivu wa mapenzi" zinavyoandikwa, kama vile wivu ni malaria inayompata mtu tu. Mwaka wangu wa kwanza kuna dada wa fakati nyingine alihama hosteli kwa sababu ya mtu aliyemwambia hapana, mtu huyo akawa anamsubiri kila jioni. Watu walikuwa wanasema "jamaa anampenda kweli". Kweli! Hiyo lugha tumeitoa wapi? Tumefundishwa kwamba uzito wa mapenzi unapimwa kwa uharibifu. Anayeharibu sana ndo aliyependa sana. Anayeimba na kwenda kulala, huyo hakupenda.

Ndo maana nasema wepesi siyo upuuzi. Kukataliwa ni somo na halifundishwi popote, siyo nyumbani, siyo msikitini wala kanisani, na hapa chuo halina hata unit moja. Kijana anatakiwa aone, hata mara moja tu kwenye maisha yake, mwenzake amekosa na hajafa.

Nilipowaambia haya washkaji, nikapigwa maswali mawili, na yote ni ya haki.

La kwanza lilitoka kwa mwana wa Sayansi ya Siasa. Akasema: hiyo ni propaganda, ndugu yangu. Moscow ya 1963 ilikuwa hivyo? Kila mtu anatabasamu? Mwaka huo huo Wasovieti walinunua ngano nje kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya. Ni kweli. Na nitamwongezea mwenyewe. Shpalikov huyu huyu aliandika filamu nyingine kipindi hicho hicho na mwongozaji Marlen Khutsiev, ya vijana hao hao wa Moscow lakini wanauliza maswali mazito kuhusu baba zao. Hiyo Khrushchev mwenyewe aliikemea hadharani Machi 1963, ikakatwakatwa, ikaja kutoka 1965 ikiwa na jina jingine. Na Shpalikov alijiua 1974, ana miaka 37. Kwa hiyo aliyeandika wepesi ule hakuwa mtu asiyejua uzito. Aliujua kuliko mimi na wewe. Lakini angalia: wale wakubwa walipewa filamu isiyo na somo lolote na bado wakahangaika, inahusu nini, inafundisha nini. Propaganda hupenda kijana anayefundishwa. Kijana anayetembea tu inamchanganya. Na huku kwetu ni hivyo hivyo.

La pili lilitoka kwa dada mmoja tunayesoma naye, na hili ndo lilininyamazisha. Akasema: huyo Alyona anatembea mpaka usiku wa manane na wanaume wawili, mmoja hamjui kabisa tangu asubuhi, na hakuna hata sekunde moja anaogopa. Nionyeshe kwa Dar. Mimi nikitoka maktaba saa tatu usiku kwenda Changanyikeni nashika simu mkononi namba ya kaka yangu iko tayari. Nikipanda bodaboda natuma namba ya pikipiki kwa watu wawili. Hiyo filamu yako nzuri ni ya mji ambao mimi sijawahi kuishi.

Sina jibu la kumshinda, na sitaki kumshinda. Ila nasema hilo linaongeza hoja yangu badala ya kuipunguza. Filamu ya Dar ya aina hii haiwezi kuiga ya Moscow na kuishia hapo. Itabidi dada yetu awe na simu mkononi. Itabidi tumwone anahesabu nani amekaa nyuma ya daladala. Na halafu, hapo hapo, tumwone anacheka, anapata siku nzuri, na filamu isimwadhibu kwa kutoka. Tumeonyeshwa mara elfu msichana aliyetoka akapata mabaya. Hakuna aliyetuonyesha mji ambao ulitakiwa umpokee ukampokea. Kama hatujauona hata kwenye kioo tutaudai kwa nani?

Najua pia kwa nini filamu zetu zimekaa kwenye sofa. Siyo ujinga. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976 na inataka kibali. Barabarani kuna kelele, kuna watu wanaangalia kamera, kuna mlinzi anakuuliza umetumwa na nani. Sebuleni kwa mtu Mbezi Beach kuna utulivu, na sofa halidai kitu. Kwa hiyo mji wenyewe ukatoweka kwenye filamu za mji. Tukabaki na geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa. Amil Shivji, ambaye amewahi kufundisha hapa hapa Mlimani, alitoka nje na T-Junction mwaka 2017, wasichana wawili, Fatima na Maria, na Dar unaiona na kuisikia. Nzuri sana. Lakini nayo ina msiba wake mzito. Mimi naomba moja tu isiyo na msiba. Moja!

Na vitu vyote tunavyo. Kijana wao alishuka uwanja wa ndege wa Vnukovo. Wetu sisi karibu wote tulishuka Ubungo, mabegi ya shangazi kaja, sanduku la bati, kuku mmoja wa zawadi, na wapiga debe kumi wanakuvuta mikono. Tangu 2021 mabasi ya mikoani yamehamia Mbezi Luis, sawa, ashukie huko, kutoka Songea, saa kumi na moja alfajiri, hajui hata kukata tiketi ya mwendokasi. Anakutana na Kolya wetu anatoka zamu ya usiku, fundi wa zege kwenye barabara za hayo hayo mabasi. Wanapita pamoja Kimara, Ubungo chini ya Kijazi, Manzese, Magomeni. Rafiki yao anaoa leo na hana suti, kwa hiyo Kariakoo, na yule muuza suti anayekuapia kwamba hii imekukaa kama umezaliwa nayo. Binti anauza vifuniko vya simu kwenye meza ya jirani na ana majibu makali kuliko wateja wote. Mvua ya masika inashuka, Jangwani inafungwa kama kawaida yake, hakuna anayerudi nyumbani, kwa hiyo wanatembea kwa miguu, viatu mkononi. Chipsi mayai kwenye mfuko, wanakula watatu. Harusi Temeke, matarumbeta mtaani, mama mkwe amenuna. Usiku, Feri, pantoni la mwisho kwenda Kigamboni. Wetu aliyeachwa anaishi ng'ambo. Amesimama kwenye chuma, taa za mji zinarudi nyuma, anaimba kitu cha Marijani au cha Diamond, mtachagua wenyewe. Baharia anamwangalia, anatikisa kichwa, anamwacha.

Hapo ndo iishie. Hakuna kuzama, tafadhali. Najua mtashawishika.

Watu wa Sanaa na Filamu mpo, kamera za simu mnazo, boom likitoka mnalijua linakoenda. Mimi nitabeba mwavuli wa kufunika kamera na nitanunua hizo chipsi. Ila baada ya UE.